Mgongoni mwa Picha ya Timu

Kwako kaka,

Sisi wazima, mama anakohoa kidogo. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa dereva wa basi barua hii.

Baba mdogo ameshtaki, anadai kiwanja cha mama ni chake. Jalada la mirathi liliungua, na hakimu anataka tangazo la mirathi lililotoka gazetini mwaka aliofariki baba. Mtandaoni, gazeti hilo linaruka kutoka ukurasa wa sita hadi wa tisa. Nikaenda maktaba, ile inayofungwa mwisho wa mwezi kwa sababu eti kila kitu kiko kwenye simu.

Mkutubi ni bibi yule yule aliyekuwa akitufukuza kwa kelele. Kadi yake ilionyesha tangazo liko ukurasa wa nane. Akafungua gazeti lenyewe. Karatasi imekatwa kwa wembe.

"Hao wa mtandao walipiga picha gazeti hili hili," akasema. "Wezi wa wembe ni wawili tu, wa mapishi na wa mpira. Kwenu alikuwepo yupi?"

Ukurasa wa saba, mgongoni mwa tangazo, ulikuwa na picha ya timu yako, kaka. Uliibandika juu ya kitanda, kisha ukahama nayo.

Bibi atagonga mhuri kuthibitisha karatasi ni yake, lakini mhuri anaukabidhi siku ya kufunga. Mama hajui lolote kuhusu karatasi hiyo. Bado anafagia kiwanja kila asubuhi.

Sikulaumu. Lowanisha gundi kwanza, usiivute picha. Hata ikichanika, panda basi uilete.

Dada yako