Mmeelewa, au Turudie?

Jumatano. Mvua tangu alfajiri. Mtaa wetu wa Majengo, hapa Goma, wote ni tope jeusi na umeme haupo, kwa hiyo naandika haraka kabla simu haijazima. Ukiniuliza hali ya moyo, nitakuambia nina hasira, na nashukuru kuwa nayo, maana juzi nilikuwa na hofu tu.

Nimeacha kazi.

Nimeiandika peke yake ili niione vizuri. Nimeacha kazi ya kampuni, ile yenye ofisi katika nchi nyingi na viyoyozi katika mji usiohitaji viyoyozi, ile ambayo mama zangu wadogo huitaja kanisani kana kwamba mimi ndiye niliyeianzisha. Kuanzia sasa mimi ni mshauri wa kujitegemea. Maneno hayo ukiyapeleka mtaani yanageuka kuwa mawili tu: hana kazi.

Wacha nieleze ilivyokuwa, kwa kuwa kuna watu mjini wameshaanza kueleza kwa niaba yangu.

Kazi ya kampuni ni kuuliza watu maswali na kuwaandikia wafadhili majibu. Wiki iliyopita tulitumwa kwenye kambi moja upande wa Mugunga, kwa watu waliokimbia Kibumba. Mfadhili alitaka kuifunga kambi na kuwarudisha makwao, ilimradi wao wenyewe wakubali. Kibumba hiyohiyo ambako mizinga bado inalia, na upepo ukikaa vizuri tunaisikia hadi huku mjini. Mkurugenzi wetu alisema atazungumza nao yeye mwenyewe. Ni mtu wa pwani, mstaarabu, na Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu ya Idi. Mimi nilikaa pembeni na kalamu yangu.

Alieleza mpango wote: malori, mbegu, mabati ya kuezekea. Watu walisikiliza kimya. Mwishoni, kwa heshima zake zote, akauliza:

"Mmeelewa, au turudie?"

Msomaji wa Mombasa hataona tatizo hapo. Mtu anauliza kama aseme mara ya pili. Lakini huku kwetu kurudia si kusema tena. Kurudia ni kurudi. Mtoto anarudia nyumbani, mkimbizi anarudia kwao. Kwa hiyo umati mzima ulisikia mtu mkubwa mwenye gari akiwauliza kama sasa warudi Kibumba. Wa kwanza kujibu alikuwa Mama Riziki, anayewaongoza akina mama wa kambi ile, kisha wote wakaitikia nyuma yake:

"Hapana. Hatutaki kurudia."

Mkurugenzi akatabasamu. Kwake jibu lilikuwa zuri mno: wameelewa, hakuna haja ya kueleza tena. Akawashukuru, akafunga mkutano. Kwenye ripoti akaandika kwamba jamii imeelezwa mpango, imeuelewa, na haikutoa pingamizi lolote.

Watu wamekataa kwa sauti moja, na kukataa kwao ndiko kumegeuzwa kukubali.

Nilimweleza ndani ya gari, kabla hatujafika mjini. Kwanza alicheka, na mimi nikacheka naye, kwani kusema kweli inachekesha. Nikadhani tutageuza gari. Hatukugeuza. Ofisini nikamweleza tena, taratibu, na safari hii hakucheka. Akasema ripoti imeshatumwa, na kampuni ikikiri kwamba haikuelewana na watu iliowauliza, nani ataipa kazi nyingine? Nikamwambia basi angalau aondoe jina langu, kwa kuwa nimeandikwa humo kama mtu aliyethibitisha lugha. Akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniudhi kuliko yote.

"Kiswahili ni kimoja, dada," akasema. "Nyinyi ndio mnakiharibu."

Nilimjibu kwamba kilichoharibika si Kiswahili, ni ripoti. Jioni hiyo nikaandika barua ya kuacha kazi, mistari michache tu, na sikumshukuru mtu.

Sasa niseme ukweli, kwa kuwa hapa ndipo mahali pangu pa kuusema. Niliogopa sana. Hapa Goma kazi ya kampuni si mshahara peke yake. Ile baji ya shingoni ni kiti. Siku vita ikiteremka kutoka milimani, wenye baji wanapigiwa simu, wanapewa nafasi kwenye boti ya kwenda Bukavu, na sisi wengine tunafunga godoro kwa kamba na kutembea. Nimewahi kutembea, na nimewahi kupanda boti. Najua tofauti yake. Nilipoiweka baji mezani kwa katibu, mkono wangu ulichelewa kuiachia, na katibu akajifanya hajaona.

Lakini nilijiuliza: hicho kiti nimekipata kwa kuwasaidia nani kupanda malori ya kurudi kwenye mabomu? Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nikatoka.

Papa, baba yangu, alipiga simu kutoka Butembo habari ilipomfikia. Kwetu ni ukoo wa wafanyabiashara, watu wa vitenge na maharagwe, kwa hiyo kujitegemea hakumtishi hata kidogo. Kilichomsumbua ni bidhaa.

"Sawa, umeacha biro," akasema, yaani ofisi. "Utauzisha nini?"

Nikamwambia nitauza mashauri.

"Mwanangu, shauri mutu anatoaka bure. Uzisha hata chumvi."

Nilicheka hadi machozi, kisha yakabaki machozi tu. Hakunikaripia. Aliniombea kwa Kinande, lugha ya kwetu, polepole, kama alivyokuwa akituombea tulipokuwa wadogo, na akasema nisisahau kula.

Asubuhi ya leo nikavaa viatu vyangu vizuri, nikaenda ofisini kwa mfadhili. Sikualikwa. Mlinzi wa getini akaniuliza swali ambalo kila mtu hapa huulizwa kabla hata ya jina: natoka shirika gani? Nikamjibu natoka kwangu. Akauliza tena, akidhani sikusikia. Nikamwambia natoka Majengo, kwangu, na nina jambo la kumwambia mkuu wa mradi. Aliniacha nisimame kwenye mvua kwa muda. Nikasimama. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Mkuu wa mradi ni mama wa Kinshasa, wote wanamwita Madame. Anaongea Kifaransa na Kilingala, na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo ile ripoti aliisoma kwa Kifaransa na hakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Nilimweleza neno moja tu, kurudia, na maana zake mbili. Nikamwambia asiniamini mimi. Afike kambini mwenyewe, mimi niulize kwa Kiswahili cha watu wale, naye amlete mkalimani wake mwenyewe akae pembeni asikilize.

Aliwaza. Akaniuliza kwa nini kampuni haikumwambia, nikamjibu hilo awaulize wao. Akaniuliza kama ninajua kwamba nikikosea hakuna shirika litakaloniita tena katika mji huu. Nikamwambia najua. Ndipo akasema malori yatasubiri, na kesho tutakwenda. Kazi ya siku moja, hakuahidi kitu zaidi.

Siku moja inatosha kuanza.

Nilikuwa bado njiani kurudi wakati Mkurugenzi alipopiga. Habari hapa zina miguu mirefu. Alianza kwa upole: nafasi yangu bado ipo, na ya juu zaidi ikibidi, ilimradi kesho nibaki nyumbani. Nilipokataa, upole ukaisha. Eti nimevunja siri ya kampuni, eti atawaambia wote kwamba mimi ni mtu mgumu. Nikamwambia awaambie, ila asinikosee jina. Halafu mimi ndiye niliyekata simu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mkubwa wangu tangu nizaliwe. Nikanunua mkate wa ndizi kwa mama mmoja kando ya njia, nikaula nikiwa nimesimama. Ulikuwa mtamu.

Sijui nitalipa vipi nyumba mwezi ujao. Sijui kama nina kiti kwenye boti yoyote. Mdomo umeniponza, watasema, na huenda umeniponza kweli. Lakini nimekuwa nikitafsiri maneno ya wakubwa kwa wadogo miaka yote hii, na hakuna aliyewahi kunituma kwa njia ya pili, kutoka chini kwenda juu. Hiyo ndiyo bidhaa yangu, Papa. Ipo. Soko lake ndilo halijazoea.

Muda mfupi uliopita amepiga Mama Riziki, kwa simu ya kuazima. Wamesikia kwamba kesho wataulizwa upya. Hakunisalimu sana. Alitaka kujua nakuja na nani, nikamwambia nakuja na Madame, na kwamba safari hii sitoki kampuni yoyote. Nyuma yake nikasikia mvua ikipiga mahema, na mtoto akikohoa.

"Na tukisema hapana," akauliza, "utaandika hapana?"

"Nitaandika hapana, mama."

Hakuniamini mara moja, na ana haki. Wameulizwa mara ngapi, na nani alishawahi kuandika walichosema?

"Basi kuya," akasema, yaani njoo.

Naenda.