Tochi ya Maji na Pipa la Wageni

Garsen, Jumatano, kiangazi cha 1957

Jua limewaka tangu asubuhi, upepo hakuna, hata migomba imelegeza majani.

Leo nimekaribia kuua mtu nyumbani kwetu.

Ngoja nianze mwanzo, maana kichwa kimevurugika. Juma lililopita lori la Malindi liliniletea mashine ya kuchomelea kwa umeme na gesi ya agoni, pamoja na jenereta yake, ile niliyoitamani tangu nilipokuwa fundi bandarini Mombasa. Hiyo ndiyo inayounga aluminiamu bila kuitoboa. Mwenye duka wa huko alinipa tochi mbili, yaani mipini inayotoa moto wa kuchomelea, nizijaribu: moja nibaki nayo, nyingine irudi na lori kesho. Ya kwanza inapozwa na hewa tu. Ukichomelea kidogo mpini unakuunguza, unaiweka chini na kusubiri ipoe kama chai. Ya pili inapozwa na maji. Mpira mmoja unayaleta kutoka pipani, mwingine unayarudisha, nawe unafanya kazi mpaka uchoke mwenyewe.

Nani angechagua ya kwanza? Mimi nilishaamua kabla sijafungua sanduku.

Shida ilikuwa maji. Ya mto Tana yana tope, yangeziba mipira kwa siku moja. Maji safi hapa nyumbani ni ya pipa la chuma la Mama, lile lililo kando ya njia. Mama huyachota mtoni, huyaacha yatulie, na juu ya pipa huning'iniza kata ya kunywea. Mpita njia yeyote hunywa, awe mkulima wa kijiji cha Wema au mchungaji aliyefuata ng'ombe wake tangu alfajiri, hata kama hatumjui jina.

Nilipofunga mipira yangu pale, Mama aliuliza kama aondoe kata. Nilimcheka.

"Mama, maji yanazunguka tu, hayapotei. Waache watu wanywe."

Kwetu kuondoa kata pipani ni kumfukuza mgeni kabla hajafika. Sikutaka aibu hiyo. Kwa hiyo kata ikabaki, na mimi nikajiona muungwana.

Lakini katika tochi ile, waya wa umeme unapita ndani ya mpira uleule unaorudisha maji. Nilijua. Mpira ulikuwa ukiteleza, nikaufunga ukingoni mwa pipa kwa waya wa chuma, nikaukaza kwa koleo. Waya ukaikata raba taratibu hadi ukagusana na ule wa umeme, na pipa zima likawa na umeme.

Adhuhuri nilikuwa naziba ufa wa sufuria kubwa ya arusi, ile inayoazimwa na mtaa mzima. Akafika Mama Dado. Ni Mworma, mfugaji mwenye Kiswahili cha kuokoteza, rafiki wa mama yangu tangu ujana wao. Yeye hutuletea maziwa na kuondoka na ndizi. Alikuwa ametembea juani, kibuyu mgongoni.

"Kijana yangu, maji iko?"

Hata kinyago cha kuchomelea sikukiinua usoni. "Iko, mama. Kata hiyo hapo, kunywa."

Mimi ndiye niliyemkaribisha!

Nikasikia kitu kikipasuka. Nilipoinua kinyago nikaona mkono wake umeng'ang'ania ukingo wa pipa, mdomo wazi, sauti haitoki. Maziwa yalikuwa yakimwagika miguuni pake. Sikumbuki nilivyoifikia swichi. Nakumbuka alivyoanguka tu, na ukelele wa Mama.

Alhamdulillahi, alikuwa anapumua. Baada ya muda akakaa. Mama akamletea maji ya mtungi wa ndani, kwenye bakuli. Aliyatazama, akalisukuma bakuli polepole.

"Miaka mingi nakunywa hapa," akasema. "Leo mimi nakosa nini, maji ya nyumba hii nanipiga?"

Nikaanza kumweleza habari za waya na raba. Maneno yangu mwenyewe yalinichukiza. Mama akanikatiza: "Mwambie umekosa, basi."

Nikamwambia. Alitikisa kichwa, akainuka, akaondoka ameegemea bega la Mama. Aliondoka na kiu, jua likiwa utosini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama amerudi jioni hii. Anasema Mama Dado ametembea vizuri hadi kwao, ila vidole vinamwaka.

Nimefikiri sana. Ningeweza kununua mpira mwingine na kuweka pipa la pili uani. Lakini najidanganya. Hapa hakuna pipa la maji lisilonywewa, na hakuna mtu wa kwetu atakayesimama kumkataza mwenye kiu. Kesho ningesahau, au angekuja mtu nikiwa nimevaa kinyago, nikamwambia tena, kunywa.

Nimechagua tochi ya hewa. Iniunguze, niiweke chini, nisubiri. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na moto wa kazi yangu naubeba mimi.

Jioni hii nimeifungua mipira yangu, nikaling'arisha pipa kwa mchanga, nikalijaza upya kwa mikono yangu, kisha nikalishika ukingo kwa viganja vyote viwili, Mama akinitazama. Kata nimeirudisha mahali pake.

Sasa najiuliza kama Mama Dado ataishika tena.