Dirisha la Mzee Lisilofunguka

Jumanne, Kaaga

Kumbe kioo huziba hata salamu. Leo nimemaliza dirisha la mzee, baba wa mwenye nyumba. Haoni tena, hukaa hapo kusikiliza wapita njia. Mwanawe alitaka vioo visivyofunguka, kwa sababu ya baridi.

Jioni mzee akaniuliza, "Fundi, watu wa hapa wamehama?"

Nje mama mmoja alikuwa akimpungia mkono, midomo inacheza. Hatukusikia kitu.

Puti inayoshikilia vioo ilikuwa bado laini. Nikaikwangua, nikatoa kioo kimoja.

"Na baridi, mzee?"

"Baridi ina blanketi."

Kesho mwanawe anaweza kunifukuza, na kwetu Busia ni mbali. Naogopa.

Lakini mtu alipoita "Muga!", salamu ya huku, kutoka barabarani, mzee aliinuka kitini kuitikia.