Gari la Mama Halikuwa Limekufa

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hamjambo wewe na wifi? Watoto wazima? Kikohozi cha yule mdogo kimeisha? Sisi tunapumua, tunashukuru. Mama goti bado linamsumbua akiamka, ila anakula, na ulimi wake haujapungua makali. Juzi kamwambia jirani kwamba jogoo wake anawika kama anayekabwa.

Salamu zimekwisha, Kaka. Yaliyobaki ni machungu, na sitayatia sukari.

Unakumbuka gari la Mama lilivyoanza kusumbua. Asubuhi ukiweka gia ya kwenda mbele, linakaa kimya kama halijakusikia, halafu linashtuka na kukurusha. Likifika mlimani, injini inanguruma lakini gari halisogei. Mama, aliyeliendesha tangu yuko kazini kwenye uuguzi, alisema, "Hili lina njaa tu, haliumwi." Tukacheka.

Wewe ndiye uliyesema aitwe Fundi Kipara kwa sababu mlisoma pamoja. Alikuja, akalizungusha mtaa mmoja, akaingia chini yake, akatoka anajifuta mikono. "Mama, giaboksi imekufa. Gari la umri huu spea zake hazipatikani. Liache lipumzike."

Jioni ile ulimpigia Mama simu. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nikakusikia: "Pole Mama, kila kitu huzeeka." Akakushukuru. Halafu akaenda kulifunika gari kwa turubai, akaweka matofali mbele ya magurudumu, kana kwamba lingeweza kutoroka.

Unajua Jumamosi za Mama zilikuwa za nani. Alikuwa anapanda kwa Mama Mkubwa, anamwogesha, anambadilishia shuka, anamkata kucha, anamsimulia umbea wa wiki nzima. Njia ile unaijua pia. Magari madogo yanaishia darajani, na kuanzia hapo ni mawe na utelezi, ndiyo maana marehemu Baba alinunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Basi gari lilipofunikwa, Mama alipanda pikipiki. Waliteleza wakaanguka. Goti hili limetoka huko. Alitukataza tusikuambie, alisema utakosa usingizi.

Mvua zikaanza, hata pikipiki zikakataa. Mama Mkubwa akawa anaomba simu ya jirani na kuuliza, "Mdogo wangu, umenichoka?" Mama anamjibu, "Gari bovu, dada yangu. Nitakuja." Hakwenda. Siku aliyokwenda, alikwenda kuzika, nyuma ya lori la mchanga, ameshika ubao kwa mikono miwili. Wewe ulituma rambirambi nzuri sana. Zilisomwa mbele za watu, na wengine wakafuta machozi.

Baada ya maziko Mama alisema gari liuzwe kama chuma chakavu, hataki tena kuliona uani. Nikamwita fundi mwingine, wa giaboksi tu, wanamwita Taratibu ingawa anaongea kama cherehani. Nilitaka anionyeshe tu kipi bado kizima kabla mnunuzi hajaja.

"Nani kakuambia imekufa?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Fundi."

"Fundi gani? Kamwone maiti kwanza, ndiyo uchimbe kaburi."

Tukalipeleka mahali tambarare, akaliwasha, akaliacha lipate moto. Mguu kwenye breki, akapitisha gia zote moja moja, ameinamisha kichwa kama anasikiliza mapigo ya moyo. Alikagua pia kile kigia kidogo cha magurudumu manne, asije akaisingizia giaboksi kosa la mwenzake. Injini ikiwa bado inanguruma, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe, akakirudisha, akakichomoa tena. Ncha ilikuwa kavu. Akanipa kitambaa, chenye doa la ule mpanguso wa kwanza, ninuse. "Inanuka kuungua? Hainuki. Nyeusi? Si nyeusi. Ina vumbi la chuma? Haina. Sasa imekufaje?"

Akaingia chini na tochi, kisha akaniita. Lile bomba jembamba linalopeleka oili ya giaboksi mbele kwenye rejeta ikapoe lilikuwa limesuguana na chuma mpaka likatoboka. Oili ilikuwa inavuja kidogo kidogo kila siku. Na gari likipanda mlima, alinieleza, ile iliyobaki inakimbilia nyuma, pampu inavuta hewa, gia hazishiki. Njaa tu, Kaka. Kama Mama alivyosema.

Lakini kuna kilichonikata maini. Pale kwenye tundu palikuwa pamezungushiwa mpira wa tyubu na kufungwa waya. Taratibu akautazama. "Aliyetangulia alipaona," akasema, kwa mara ya kwanza polepole.

Nilimfuata Kipara gereji kwake. Hakunificha, wala hakunitazama usoni. "Ni kaka yako. Aliniambia mama kazeeka, iko siku atatumbukia korongoni. Akasema bora akasirikie gari kuliko awakasirikie ninyi. Ule mpira niliufunga oili isidondoke uani ikanisuta."

Najua uliogopa. Mimi ninayelala naye nyumba moja naogopa kuliko wewe. Lakini ungemwambia yeye! Yule mwanamke kazalisha wake za watu kwa mwanga wa kibatari, angeshindwa kusikia neno la mwanawe? Angekutukana, ungetukanwa, yakaisha. Au ungeniambia mimi, nikajifunza njia ile, nikamwendesha. Wewe ukachagua kumdanganya, halafu ukampa pole.

Bomba limebadilishwa, na oili mpya na chujio jipya. Jana nililirudisha uani. Mama alitoka na kanga yake ya jikoni, akayasukuma kando mwenyewe yale matofali yaliyobaki pale uani, akapanda. Gia ikaingia bila hata kutikisa. Akatoka getini, akaenda hadi njia panda, na nilimwona anasimama pale na taa ya kupinda inawaka upande wa mlimani. Halafu akageuza, akarudi.

"Limepona kabisa," akaniambia akishuka. Akanikabidhi ufunguo. "Sasa niende wapi?"

Nikautia ufunguo mfukoni. Akauliza kwa nini Kipara alisema limekufa. Nikasema mafundi nao hukosea. Umesikia, Kaka? Nimekuokoa kwa uongo, na sijui ni wa mwisho au ndiyo nimeanza.

Nisalimie wifi sana. Watoto waambie shangazi yao anawabusu wote, na yule mkubwa nimemwekea kitambaa cha gauni. Ndugu zetu watoto wa Mama Mkubwa, waliokuja mlimani kwa maziko tu, nao wanakusalimu. Hawajui lolote, bado wanakusifu kwa zile rambirambi. Mungu akulinde huko uliko, akupe na moyo wa kuongea na mama yako.

Leo baada ya chakula Mama ameniambia, "Mpigie kaka yako, mwambie gari limepona. Atafurahi sana." Nimeshindwa kukupigia. Mpigie wewe.

Ni mimi, ninayekupenda hata leo,
Kitindamimba wenu