Zarina Alivyokataa Kupanua Silinda

Mpwa wangu Elia,

Marahaba. Huku Kinampanda tu wazima. Mama yako kavuna alizeti, anajidai eti kanizidi magunia. Mwongo.

Umeuliza kama upanue silinda za hiyo injini ya mashindano unayoiunda upya. Nikuambie habari ya Zarina, binti wa duka la vipuri pale Singida mjini. Gari lake la mashindano likipita Mkiwa, kuku walibaki bila manyoya, na nati zake nilizikaza mimi, usisahau. Mashindano yalipokaribia nikamwambia, "Dada, tuchonge silinda, tuingize pistoni kubwa, upepo wenyewe utakuomba njia!"

Akapima kuta za silinda, akacheka. "Kaka, hizi zilishachongwa zamani, zimebaki nyembamba. Ukichonga tena utanipa chujio. Bloku hii ya injini ikipasuka, sina nyingine."

Tukaweka ringi mpya za pistoni tu. Wenye injini kubwa walimwacha kwenye njia iliyonyooka, lakini kwenye kona aliwala mmoja mmoja. Sijaona mkono kama ule kwenye usukani. Akawa wa pili, na gari likarudi nyumbani linanguruma. La mshindi lilivutwa kwa kamba.

Basi pima kuta kwanza. Zikiwa nene, chonga bila huruma. Zikiwa nyembamba, jifunze kona.

Mjomba wako Yona, fundi wa Kinampanda yote