Kichwa Nusu, na Mbunge Aliyerudi Ukumbini

Alhamisi. Mvua imekatika tangu mchana, lakini hapa Berea joto bado linanata shingoni. Nina hasira, mnisamehe nikikosea herufi.

Upande mmoja wa kichwa changu umesukwa. Upande wa pili nywele zimesimama kama ufagio.

Mnaonisoma mnajua nilitoka Kenya kuja kusoma huku kwa Wazulu, na tasnifu yangu inahusu maisha ya kisiasa ya mbunge mmoja wa zamani wa Marekani. Alipanda haraka, akapendwa, akapewa kamati nzito. Kisha akatetea wakimbizi ukumbini mbele ya wapiga kura wake, nao wakampiga mpaka wakamvunja taya. Wiki iliyofuata alirudi ukumbi uleule, taya limefungwa, akakaa kusikiliza maswali. Uchaguzi ulipofika wakamwangusha. Jana nilimaliza sura ya mwisho, nikaandika kwamba kurudi kule kulikuwa upumbavu uliomzika. Nilijiona mjanja kweli.

Leo nilikwenda kusukwa kwa Mama Furaha, Mkongo mwenye saluni mjini. Ana mwiko wake: kichwa alichokianza hakimaliziwi na mkono mwingine. Alikuwa amefika utosini waandamanaji wa kupinga wageni walipovunja mlango. Wanaume, fimbo na nyundo mikononi. Walipasua vioo vyote. Mteja mmoja aliyejaribu kutoka alipigwa nyundo begani, na mfupa nikausikia ukivunjika. Damu ikaruka hadi kwenye masinki.

Mmoja wao akafoka kwa Kiingereza: mgeni hapa ni nani?

Mimi ni mgeni. Nilinyamaza.

Mama Furaha aliinua mkono, akajibu kwa Kizulu kwamba mgeni ni yeye tu. Wakaukamata mkono huohuo, wakaulaza mezani, wakaupiga nyundo tena na tena huku yeye akipiga mayowe. Halafu wakaenda duka la jirani wakicheka.

Hospitalini, tukisubiri daktari, taulo limelowa damu, macho yake yalikuwa kwenye kichwa changu.

“Eish, ma chérie, usiende vile ku njia, batu watakucheka. Ukuje lundi. Nitasuka na mkono moja, wewe utanikamatia nywele.”

Nililia tu.

Jirani yangu hapa ghorofani amejitolea kunimalizia kichwa jioni hii, bure. Nilitaka sana kukubali. Naogopa, tena naogopa vibaya. Kila mlango ukibamizwa nje naruka kitini. Nimeifungua ile sura ya mwisho, nikaisoma sentensi yangu ya kijanja, nikaona haya. Nimeifuta.

Jirani nimemwambia hapana, asante.

Nitafunga kitambaa hadi Jumatatu, kisha nitakwenda kukaa kwenye kiti kilekile nimshikie nywele. Na wakirudi wakauliza tena mgeni ni nani, Mungu nisaidie, asiinue mkono peke yake. Amebakiwa na mmoja.