Fuawe ya Mjane wa Muyinga

Mjukuu wangu Zawadi,

Hapa Gitega bibi yako amepona kikohozi. Mimi nimechoka tu. Unauliza utapataje fuawe iliyotumika, ya bei nafuu, huko Muyinga. Yangu niliipata hukohuko, kwa mjane wa mhunzi. Nilikuwa nimeacha ukarani ili niwe mhunzi, na bila fuawe ya kufulia chuma ningerudi ofisini kwa aibu. Niliikagua kwa macho tu, nikaogopa kuigonga mbele ya mfiwa.

"Karani, mwanangu, unanunua chuma au kutu?" akacheka. "Igonge!"

Nikaigonga. Ikalia vizuri, haina ufa. Mama yule akainamisha kichwa. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu mumewe afariki.

Usinunue bila kugonga, Zawadi. Ukishagonga, nyamaza kidogo, mwenye nayo asikilize.

Babu yako